Daftari la Jicho la Kulia

Alhamisi, 6 Machi

Daktari Kinyanjui ameniagiza ninunue daftari. "Usiniletee hadithi, niletee maandishi," aliniambia leo pale kliniki ya macho, Karen. "Kila siku uandike: dawa saa ngapi, na mama ameona nini." Basi nimelinunua njiani, la kurasa mia na ishirini, na hili ndilo.

Mgonjwa ni mama yangu, Bi Khamisa, miaka sabini na moja, mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa Woodley nyumbani kwangu tangu baba afariki. Jicho lake la kushoto limeshakwenda. Presha ya jicho ililila kimyakimya sisi tukidhani ni uzee. La kulia lina mambo mawili kwa pamoja, presha hiyo hiyo na mtoto wa jicho. Akipasuliwa kabla Mei haijaisha, daktari anasema, mtoto wa jicho atatolewa, presha itashushwa, na huenda akasoma tena. Akichelewa litakwenda kama lile jingine.

"Na likishakwenda halirudi?" Mama aliuliza.

"Halirudi, mama."

Akauvuta ushungi wake vizuri mabegani.

Tumepewa tarehe 22 Mei. Bima ya serikali ikishatoa sehemu yake, sisi tunatakiwa shilingi elfu themanini na moja. Hapo sina wasiwasi, au nina wasiwasi wangu wa kawaida tu. Tangu tarehe 5 Mei mwaka jana nina akiba ya matibabu kwenye chama chetu, sisi wafanyakazi wa maduka ya vitambaa. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa elfu tatu na mia tano, na tajiri wangu Abdulrauf anaweka kiasi hicho hicho. Pesa ile kazi yake ni hospitali tu. Ukitimiza mwaka, na ile ya tajiri inakuwa yako. Tarehe 5 Mei nitakuwa na elfu themanini na nne. Nimehesabu mara nne, mara mbili kwa simu na mara mbili kwa vidole.

Jaribio ni hivi: nasimama mlangoni, nanyoosha vidole, yeye kakaa kitandani anataja idadi. Leo hatua nne, vidole vitatu. Akasema vitatu.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa wakati wa daku, dawa wakati wa futari. Hatua nne, vidole viwili. Sahihi.

Jumamosi, 8 Machi

Leo pametokea jambo. Simu yangu ililia nikiwa naoga. Mama akidhani ni kliniki akamwomba mke wangu, Nisreen, amsomee. Ulikuwa ujumbe wa chama: "Faida yako hadi sasa ni Sh. 614." Nilipotoka nikamkuta Mama ameketi wima kama hakimu.

"Faida ya nini, Idarus?"

Nikamweleza. Pesa ikikaa, chama kinaikopesha, kinapata, kinatugawia.

"Sema riba, mwanangu, usizunguke. Jicho langu halifunguliwi kwa riba. Nikishalifungua nitasomea nini, msahafu?"

"Mama, ni mia sita tu katika elfu sabini."

"Tone moja la mkojo kwenye mtungi nalo ni dogo. Utakunywa?"

Na mwezi ni wa Ramadhani. Nilikwenda dukani kichwa kinaniuma. Nikamwuliza Abdulrauf, maana yeye ni haji na kila jioni anatuletea tende za kufungulia kwa mkono wake mwenyewe. Hakunyanyua hata macho kwenye kitambaa alichokuwa akipima. "Itoe, itoe, usafishe nyumba yako. Hata leo." Nikafarijika sana. Kama kuna mtu wa Mungu Biashara Street nzima, ni huyu.

Nikaitoa kwa simu. Simu ikaniuliza sababu: moja, Matibabu, mbili, Nyingine. Nikabaki nimeishika. Matibabu si kweli. Sikufunga tangu alfajiri ili nije kuidanganya simu. Nikabonyeza mbili. Ukaja ujumbe mrefu, na chini kabisa: "Masharti ya uondoaji yanatumika." Siku hizi maneno hayo yapo hata ukinunua unga.

Pesa ya namna hii huli, wala huihesabu kuwa sadaka. Unaitupa mahali wanapofaidika watu wote, na masheikh wengi wakitaja mahali hutaja vyoo. Nikaenda choo cha umma nyuma ya duka letu, kwa Mwololo anayekilinda. Akazihesabu zile noti akanitazama.

"Ustadh, hii ni nini? Unataka kuingia mara sitini?"

"Nunua sabuni. Na balbu, mule ndani giza."

"Wacha nikuandikie risiti."

"Usiandike kitu," nikamwambia. Nani anataka jina lake kwenye karatasi ya riba?

Dawa nimetia. Hatua nne, vidole vinne. Sahihi.

Jumapili, 9 Machi

Dawa mara mbili. Hatua nne. Sahihi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana, juu ya kabati. Nisreen amepata oda ya sambusa mia mbili kwa nyumba moja ya Lavington, na jikoni hapakaliki. Mama, hatua nne, vidole vitatu. Alisema vitatu, lakini alichelewa.

Jumatano, 19 Machi

Hatua nne. Alikosea. Tukarudia, akapata. Nimeandika yote mawili kwa sababu daktari alisema nisipambe.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Abdulrauf alitupa kila mmoja mita nne za kitambaa. Mama alivaa dera jipya na kumwuliza Nisreen rangi yake. Ni kijani, na Mama ndiye aliyelichagua mwenyewe mwezi wa Januari.

Jumatano, 2 Aprili

Faida ya mwezi, shilingi 58. Mama aliniuliza kabla hata sijavua viatu: "Umeitoa?" Nikaitoa, nikabonyeza mbili, nikampelekea Mwololo. Amenunua mopa na anaionyesha kama gari jipya. Balbu inawaka.

Hatua tatu sasa. Nne haziwezi tena. Vidole viwili, sahihi.

Alhamisi, 3 Aprili

Kliniki. Presha imepanda. Daktari ameongeza dawa ya pili, chupa ndogo kama kidole cha mtoto, shilingi elfu mbili na mia nane. "Tarehe 22 isisogee," akasema. Nikamwambia haisogei.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Dawa. Hatua tatu, sahihi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimechoka, na leo naandika kwa hasira. Daktari akitaka kusoma, asome.

Asubuhi mafuriko barabarani, nilifika dukani saa nne, Abdulrauf akanitazama saa nzima. Jioni narudi nimelowa mpaka soksi. Mama hakutaka chakula. Wali una chumvi, samaki si mbichi, Nairobi haina samaki. Akasukuma sahani, zikaanguka mbili, zikavunjika. Nikiokota vigae akapapasa meza akitafuta maji, akaiangusha chupa ya dawa mpya. Elfu mbili na mia nane, ikamwagika yote kwenye zulia. Nikapiga magoti pale nikijaribu kuirudisha kwa kijiko.

"Kimeanguka nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Mama."

Nikaingia jikoni kwa Nisreen. Nikafungua bomba ili Mama asisikie, nikasema, na naandika kama nilivyosema: kuna wakati natamani hilo jicho lizimike tu tujue moja, tupumzike. Kila siku vidole, kila siku hatua, na kila siku naogopa kunyoosha mkono. Nisreen alifunga bomba akaendelea kukunja sambusa.

Mimi ni mtoto wa pekee wa mwanamke huyu. Aliuza bangili zake zote nikasome. Sijui yale maneno yalitoka wapi, ila kinywa kilikuwa changu.

Hatua tatu, vidole viwili. Akasema viwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimenunua chupa nyingine kwa mkopo wa Nisreen. Dawa nimetia. Mama ameniombea dua ndefu kuliko kawaida, akinishika kichwa. Niliona haya kumtazama, kana kwamba yeye angeona.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mji kimya. Hatua tatu, alikosea mara mbili.

Jumatatu, 28 Aprili

Hatua mbili.

Jumatano, 30 Aprili

Makato ya kumi na mbili yamepita. Elfu arobaini na mbili zangu, elfu arobaini na mbili za tajiri. Zimebaki siku tano tu. Kwa mara ya kwanza mwezi huu nililala mpaka adhana.

Ijumaa, 2 Mei

Faida, shilingi 63. Nimeitoa. Mbili. Mwololo amenunua sabuni ya maji yenye harufu ya ndimu na anasema wateja wameanza kumsalimia.

Hatua mbili, vidole vitatu. Sahihi.

Jumanne, 6 Mei

Maandishi ya leo yatakuwa mabaya.

Nilikwenda ofisi za chama, ghorofa ya nne, Tom Mboya Street, kuchukua barua ya kupeleka hospitali. Katibu ni mama mmoja anaitwa Kasiva, miwani juu ya kichwa, uso umefungwa kama duka siku ya Jumapili. Akaandika namba yangu kwenye kompyuta. Akaangalia. Akashusha miwani akaangalia tena.

"Mzee Idarus, sasa hii barua nitakuandikia ya elfu arobaini na mbili."

"Themanini na nne, mama. Jana nimetimiza mwaka."

"Wewe hujatimiza mwaka. Wewe umetimiza siku nne." Akanigeuzia kioo. "Ona hapa. Tarehe nane Machi umetoa pesa, sababu nyingine. Tarehe mbili Aprili, sababu nyingine. Tarehe mbili Mei, ijumaa tu hii imepita, sababu nyingine. Ukitoa kitu yoyote si ya matibabu, mwaka inaanza upya. Na ile ya mwajiri inarudi kwa mwajiri. Iko kwa masharti."

Nikamwambia ile ilikuwa faida, si akiba. Nikamwambia habari ya riba, ya Mama, ya choo. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikiri hilo.

"Mia saba na thelathini na tano," akasema. "Hiyo ndiyo umetoa yote. Wenzako wote wangebonyeza moja."

"Lakini ingekuwa uongo."

"Najua. Ndiyo nasema." Akavuta droo akatoa karatasi ya manjano. "Na kuna fomu ya mtu hataki faida. Unaijaza siku ya kwanza, chama kinabaki nayo, mambo yanaisha. Imekaa hapa miaka tatu. Hakuna mtu ameshawahi kuitisha."

Mimi na hiyo karatasi tulitazamana. Karatasi moja tu. Siku ya kujiunga tulijaziwa fomu dukani sote kwa mkupuo, tukaweka sahihi tukarudi kupima vitambaa. Sikusoma. Mimi ninayesoma maandishi ya pakiti ya majani ya chai, hiyo sikuisoma.

Siku kumi na sita zimebaki. Nusu ya pesa haipo. Jicho la mama yangu limebaki hatua mbili, na aliyelifikisha hapo ni mimi, kwa ukweli wangu na kidole changu. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile, kisha nikarudi nyumbani.

Mama aliuliza: "Barua umepata?" Nikasema inaandikwa.

Hatua mbili, kidole kimoja. Akasema viwili.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwa Abdulrauf kabla hajafungua kasha la pesa. Nilidhani atacheka tu aseme, ichukue, ni yako. Akasafisha miwani yake muda mrefu.

"Sheria ni sheria, Idarus. Ile pesa imesharudi kwenye hesabu ya duka. Nimeshaagizia mzigo."

"Wewe ndiye uliyeniambia niitoe faida, bwana. Ramadhani, hapa hapa."

"Mimi? Mimi nina wafanyakazi tisa. Sikumbuki."

Elfu arobaini na mbili, na tende za kila jioni. Nilipima vitambaa kutwa nzima na sijui niliuza nini. Nisreen amenipa bangili zake mbili nikauze. Nimekataa. Katika nyumba hii zimeshauzwa bangili za kutosha kwa ajili yangu.

Hatua mbili. Sahihi.

Ijumaa, 9 Mei

Kasiva amenipigia simu mwenyewe. Kamati inakaa Alhamisi, na mwenyekiti, Bwana Ngui, ana ruhusa ya kusamehe mtu akithibitisha hakufaidika na pesa aliyotoa. "Lakini Ngui haamini mdomo. Leta maandishi. Risiti, barua, chochote."

Nikakimbia kwa Mwololo kwenye mvua.

"Risiti si ulikataa, ustadh! Nilikuambia wacha niandike, ukasema usiandike kitu!" Alisikitika kuliko mimi. "Naweza kuja niseme kwa mdomo. Nibebe hata mopa."

Mopa haina tarehe.

Jumapili, 11 Mei

Nisreen ndiye aliyeona. Nilikuwa nimekaa hapa mezani nikiandika dawa na vidole, naye anapita na sinia, akasimama nyuma yangu.

"Si umeandika?"

"Nimeandika nini?"

"Kila kitu, Idarus. Umeandika siku ulizotoa, uliyempa, na alilokwambia Abdulrauf. Kila siku unaandika kama karani wa mahakama. Maandishi wanayoyataka ndiyo hayo."

Nikafurahi, halafu nikaogopa. Kwa sababu humu ndani yumo Kasiva na uso wake, na yumo Abdulrauf. Na ipo tarehe 11 Aprili. Nilifikiria kuuchana ukurasa ule. Nikaushika kabisa kwa vidole. Lakini daftari lililochanwa ukurasa halimthibitishii mtu kama Ngui jambo lolote.

Hatua mbili, vidole vitatu. Akasema, "Sijui, mwanangu." Hajawahi kusema sijui.

Jumatatu, 12 Mei

(Naandika kwenye karatasi ya kufungia ya dukani, nitaibandika.) Nimempelekea Kasiva daftari. Alitaka kulipokea, nikawa sijaliachia.

"Kuna maneno humo," nikamwambia.

"Kila daftari iko na maneno," akasema, akalivuta.

Dawa. Hatua mbili.

Jumanne, 13 Mei

Mama: "Mbona husikiki ukifungua kurasa?" Nikamweleza daftari lipo kwenye chama. Ikabidi nimweleze na kwa nini. Nilidhani atajilaumu kwa ile faida, nikaanza kumtuliza.

"Kwani nimelia?" akasema. "Haramu ni haramu hata kama imetugharimu. Lakini kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi, nilikufundisha mimi." Kisha: "Umewapa watu wasome mambo yangu?"

"Vidole na dawa tu, Mama."

"Haya."

Hatua moja na nusu.

Alhamisi, 15 Mei

Nilifika ofisini saa tatu, kamati ilianza saa tano. Ngui ni mzee mwembamba, zamani alikuwa mkaguzi wa mizani. Abdulrauf aliitwa kwa sababu pesa ilirudi kwake. Alikaa upande wa pili wa meza, hakunitazama. Daftari langu lilikuwa mbele ya Kasiva, vibanio vitatu vya karatasi vimebana kurasa tatu.

Akasoma kwa sauti tarehe 8 Machi. Yote, na tone la mkojo, na sabuni, na balbu. Alipofika "Itoe, itoe, usafishe nyumba yako. Hata leo," akasimama kidogo, kisha akasoma mbele: "Kama kuna mtu wa Mungu Biashara Street nzima, ni huyu." Nilitamani sakafu ipasuke. Sifa ile ilimchoma Abdulrauf kuliko tusi lolote. Niliiona shingo yake.

"Mtu anaweza kuandika hii jana," Ngui akasema.

"Shika uone," Kasiva akamsukumia daftari. "Wino tatu tofauti. Hapa imelowa mvua. Na kila siku, kila siku, dawa na vidole. Hatua nne, hatua tatu, hatua mbili. Mwenyekiti, mtu atapika uongo wa mia saba, lakini nani atakaa apike vidole vya miezi miwili?"

Ngui akafungua kurasa moja moja, taratibu, akilamba kidole. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa pamoja naye nikijua inayofuata ni ipi. Alifika Aprili. Kasiva akaweka mkono juu ya ukurasa. "Hiyo haina pesa," akasema. Ngui akapita.

"Bwana Abdulrauf. Ulimwambia atoe?"

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati ya jengo la jirani. Abdulrauf alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Kama ameandika siku ile, basi nilisema," akajibu. "Siwezi kugombana na mtu aliyeandika akiwa amefunga."

Pesa inarudi. Nimepigwa faini ya elfu mbili kwa kutosoma masharti, na nimejaza ile karatasi ya manjano mbele yao wote, neno kwa neno, nikisoma mpaka jina la mchapishaji. Kasiva alinisindikiza hadi kwenye lifti.

"Ati uso yangu ni kama duka Jumapili," akasema.

"Mama, naomba radhi."

"Si kwamba umekosea." Akanipa daftari. "Ile Ijumaa ya Aprili sijasomea mtu. Mimi pia niliuguza mamangu."

Lifti ilikuja ikaenda, nikashuka kwa miguu.

Ijumaa, 16 Mei

Barua ya elfu themanini na mbili ipo kwenye mfuko wa shati, nimeigusa njia nzima. Abdulrauf amenisalimia kwa kichwa tu. Hata hivyo leo namwona mtu mzima aliyesema kweli ikimgharimu, na sijui kama mimi ningeweza.

Mama alitaka nimsomee daftari. "Nisomee waliyoyasoma wageni." Nikamsomea, akicheka kwa Mwololo na mopa yake. Nilipotoka tarehe 7 Aprili nikaingia tarehe 12.

"Na Ijumaa ile?"

"Siku ile sikuandika, Mama."

"Haya," akasema, akageukia ukutani.

Jumatano, 21 Mei

Dawa. Sikunyoosha vidole. Tuliogopa wote wawili.

Alhamisi, 22 Mei

Wameingia naye saa mbili na robo. Nisreen ana tasbihi, mimi nina daftari. Saa tatu na dakika kumi daktari ametoka akatikisa kichwa kwa namna ambayo sikuielewa, mpaka aliposema: "Imekwenda vizuri. Presha imeshuka. Kuona, tusubiri."

Ijumaa, 23 Mei

Bandeji imetolewa. Ukungu tu, anasema, ukungu mweupe. Daktari anasema ni kawaida. Neno kawaida nimelichoka.

Jumanne, 27 Mei

Hatua mbili, vidole vinne. Akasema vinne, kisha akaniuliza mkono wangu una kovu gani pale.

Jumamosi, 7 Juni

Hatua tano.

Alhamisi, 19 Juni

Miwani imekuja. Mvua zimekwisha, ni baridi sasa na manyunyu. Mama ametazama kila kitu ndani ya nyumba: dari, kabati lililolowa, uso wa Nisreen, ambao ameushika kwa mikono miwili. Amenitazama mimi akasema nimezeeka.

Ijumaa, 20 Juni

Baada ya sala ya Ijumaa nimemkuta kitandani, miwani puani, msahafu umefunikwa pembeni, mkono wake ameunyoosha kwangu.

"Nipe daftari la jicho langu. Nimesomewa vya kutosha."

Nilisema nitalitafuta, ingawa lilikuwa kwapani mwangu na yeye analiona. Nikampa.

Jumamosi, 21 Juni

Nimelikuta asubuhi juu ya meza ya chakula, limefunguliwa. Mama huandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na mama yake. Hati yake sikuiona miaka minne. Mistari inapanda na kushuka, lakini inasomeka. Ameandika chini ya tarehe 11 Aprili, na hapa nainakili kwa herufi za kawaida:

"Sahani ilikuwa moja. Ya pili uliivunja wewe ulipokuwa ukiokota. Maneno niliyasikia siku ile ile, maji ya bomba hayafuniki sauti. Nilikusamehe kabla hujalifunga."

Lakini bomba sikulifunga mimi, Nisreen ndiye aliyelifunga. Nimeisoma mara tatu. Nisreen alikuwa bado amelala. Nikaingia jikoni, nikafungua maji mpaka mwisho, nikashika ukingo wa sinki nikalia.

"Idarus," Mama akaita kutoka chumbani. "Funga hilo bomba. Nakusikia."